Kitambaa cha Mashine

Juu ya kabati la chumba cha walimu, kando ya globu iliyopasuka, kulikuwa na kikombe cha bati ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kilibandikwa karatasi yenye neno moja: USITIKISE. Siku nyingine ndani yake kulikuwa na uji, siku nyingine unga wa jeli uliokorogwa kwa maji ya moto, siku nyingine maziwa. Mwenye kikombe alikuja wakati wa chai, akakiinamisha kidogo, akatazama, akaandika kitu, akakirudisha. Sisi wengine tulitafuna mandazi tukimtazama. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa na mazoea ya kukigonga kwa ukucha akipita, eti aone kama kweli kitu kitaharibika. Kiliharibika. Mwenye kikombe alimwaga, akaosha, akaanza upya bila kumwuliza mtu.

Huyo ndiye tuliyemwita Madam wa Fizikia. Walimu wote wa kike shuleni kwetu walikuwa Madam, lakini ukisema Madam bila kuongeza somo, wasichana walijua ni yeye. Mimi nilifundisha Kiswahili katika shule hiyo, iliyokuwa kati ya Kitengela na Isinya, na kwa bahati tulipanga nyumba kwenye ploti moja kule Noonkopir, mlango wangu ukitazamana na wake. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini kuelekea mwisho. Kwa hiyo nilimjua kazini na nilimjua kwenye kamba ya kuanikia nguo. Sitasema nilimwelewa. Kuna watu unakaa nao miaka na miaka, na unachobaki nacho ni tabia zao tu.

Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu iliyojaa chaki hadi kwenye kiwiko. Alikula akiwa amesimama. Alifundisha akitembea, akasahihisha madaftari akitembea, na wakati wa mapumziko alizunguka uwanja wa mpira wa wavu akiwa ameikunja mikono nyuma. Mtu aliyewakataza watu kutikisa kikombe hakuwahi, kwa macho yangu, kutulia mahali pamoja kwa muda wa kumaliza soda. Nilimtania siku moja kwamba angepaswa kubandikwa karatasi yeye mwenyewe. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi sijafika wakati wa kuganda, Mwalimu," kisha akaendelea na mzunguko wake.

Kauli yake ilikuwa moja, nao wasichana waliiandika hata kwenye milango ya vyoo: Andika ulichoona. Ilitoka kwenye maabara. Wasichana walikuwa wakining'iniza jiwe kwenye uzi na kupima linavyobembea, na wengi wao, kwa kuwa jibu walilijua kutoka kitabuni, waliandika la kitabuni. Madam aliwapa sifuri. Palikuwa na msichana mmoja, binti wa wafugaji wa upande wa Isinya, ambaye vipimo vyake vilikuwa kichekesho kitupu, kwa sababu uzi wake ulikuwa umelegea na hakujua. Huyo alipata alama zote. Wenzake walilalamika hadi kwangu.

"Lakini Madam, jibu letu ndio sawa," walimwambia.

"Ni sawa. Lakini hamkuliona."

Siku ya wazazi, baba wa msichana huyo alikuja, mzee mwenye shuka na rungu, akaketi mbele yake na kumwuliza kama mtoto atapita. Sisi wengine tulikuwa tumeshamwambia ana bidii, ana nidhamu, Mungu ni mwema. Madam alisema, "Kwa fizikia, hapana mzee. Kwa biolojia anaweza." Mwalimu mkuu alikohoa. Yule mzee aliegemeza rungu gotini, akasema, "Wewe peke yako ndio umeniambia kitu leo." Wiki iliyofuata alimtuma mkewe na kibuyu cha maziwa ya kuganda.

Nakumbuka maziwa yale kwa sababu ya jinsi Madam alivyoyapokea. Mtu mwingine angeshukuru na kunywa. Yeye alimsalimu yule mama kwa Kimaasai, "Sopa, yeyo," akangoja aitikie, kisha akamwuliza kama kibuyu kililala nyumbani wakati maziwa yanaganda au kilikuwa njiani. Yule mama alicheka kwa mshangao. Alisema hiki kimetembea tangu jana, alikuwa amepitia kwa dada yake, na ndiyo sababu yana mabonge na maji pembeni. Ya kulala yanakuwa laini, kitu kimoja. Madam alimwomba, kama haitakuwa taabu, alete siku nyingine yale ya kulala. Aliletewa. Tukayaonja yote mawili kwenye kibaraza changu, yeye akiwa amesimama.

Ndipo nikauliza maana ya mambo haya yote ya vikombe na maziwa, akanikaribisha nyumbani kwake nione mashine.

Ilikuwa kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja ya Nairobi, sanduku zito la rangi ya maziwa ya unga, na skrini iliyotoa mwanga wa kijani. Feni yake ililia mfululizo, sauti ambayo hadi leo nikiisikia popote namfikiria yeye. Kwenye skrini kulikuwa na vidoti vingi vilivyounganishwa kwa mistari, vikijisogeza kidogo, vikisimama, vikijisogeza tena. Niliuliza ni nini. Alisema ni maji, na nyuzi ndani ya maji.

Kisha akavuta kitambaa kilichokuwa kwenye mgongo wa kiti, kazi ya mama yake, ambaye kwa Kikamba alimwita Mwaitu, maua ya zambarau juu ya uzi mweupe.

"Ona hii," alisema. "Mwaitu alianza na uzi mtupu. Uzi ukiwa peke yake unateleza tu, hauwezi kushika kitu. Lakini akifunga hapa, na hapa, na hapa, inakuwa kitambaa, na ukiichovya kwa maji inatoka imebeba maji. Jeli ni hivyo. Kuna nyuzi ndogo sana, ndefu, zinaelea. Zikishikana za kutosha, maji yote yanasimama."

"Na swali lako?"

"Swali langu ni ukikoroga. Zinaposhikana, wewe unakoroga. Ukikoroga polepole unazikutanisha, unazisaidia. Ukikoroga kwa nguvu unazikata. Sasa hapo katikati kuna mwendo ambapo kusaidia kunageuka kuharibu. Nataka kujua ni wapi."

Nilimwambia si akoroge uji aone. Hakuudhika.

"Nimekoroga uji mwingi. Uji unaniambia umeganda ama haujaganda. Hauniambii nani alimshika nani. Hii inaniambia." Akaigusa skrini kwa kidole chenye chaki.

Hapo nikapata kujua kwamba alikuwa akisomea shahada ya udaktari katika chuo kimoja cha Nairobi, kwa miaka ambayo hakutaka kuitaja. Mashine ndiyo iliyokuwa kazi yake yote. Alikuwa ameitungia maji ya kubuni, nyuzi za kubuni na mkorogo wa kubuni, nayo ilipiga hesabu ya kila doti inasukumwa wapi, hatua kwa hatua. Mikorogo ya kasi ilikwisha haraka na majibu yake alikuwa nayo. Uliobaki ni wa polepole kabisa, ambao ndio mrefu kuliko yote, kwa sababu kitu kinachoganda taratibu hata kwenye mashine huganda taratibu. Bila huo, kazi yote haikuwa na mwisho. Na chuo kilikuwa kimemwongezea muda kwa mara ya mwisho. Asipoleta jibu kabla ya mwaka kwisha, jina lake lingefutwa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa ukame. Mabwawa yalikauka, stima ikawa ya kugawanywa, leo upande huu, kesho upande ule. Ng'ombe walikufa kando ya barabara hadi watu wakaacha kugeuza shingo kutazama. Nasema hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulipita tukizungumza habari nyingine. Madam alitafuta betri ya lori, akaiunganisha na mashine kwa njia anayoijua yeye, na stima ilipokatika ploti nzima ikawa giza isipokuwa ule mwanga wa kijani kwenye dirisha lake. Vumbi la Kitengela nalo halina adabu, linaingia hata ndani ya yai. Alining'iniza gunia lililoloweshwa mlangoni, akalilowesha asubuhi na jioni kwa maji ya kufulia. Mashine ililia miezi. Nilizoea kulala nikiisikia.

Ukame huohuo ndio uliomleta mama yake.

Alitoka Ukambani na mfuko mmoja wa nguo na mfuko mkubwa zaidi wa uzi. Kule kwao mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa na urefu wa goti, na Madam akasema mama asingoje huko apelekewe chakula cha msaada. Alikuwa mama mfupi, mwenye vicheko vya chinichini, na sindano ya kufumia haikumtoka mkononi. Kwa muda mfupi nyumba ya Madam, ambayo ilikuwa na meza, kitanda na mashine, ikapata nguo. Redio ikavishwa. Thamosi ikavishwa. Mtungi wa gesi ukashonewa sketi yenye marinda. Hata jerikani la maji lilikuwa na kofia. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kila nyumba kwenye ploti ile ilikuwa hivyo, na mgeni akikuta kochi lisilo na kitambaa anajiuliza kama kuna matanga. Madam, ambaye hakupenda mapambo, aliacha kila kitu kivishwe. Alinawa mikono kabla ya kugusa kazi ya mama yake. Nilimwona pia akikaa, kwa mara ya kwanza, kwenye kigoda karibu na miguu ya mama, akimshikia uzi.

Mama naye aliiheshimu mashine. Aliniambia mimi, "Hiyo ndio itampa mtoto wangu udaktari. Mimi hata sipiti karibu." Binti yake alikuwa amemwagiza asiguse kibonyezo hata kimoja. Hakugusa kibonyezo hata kimoja.

Siku ya tukio, kama nitaliita tukio, akina mama wa kanisa walikuwa wamepanga kuja kumwona mgeni na kusali naye. Madam na mimi tulitoka shule pamoja tukiwa tumebeba madaftari. Tulipofika, wageni walikuwa wameshaketi, chai imemiminwa, wimbo umekwisha. Nyumba ilikuwa safi ya kung'aa. Na mashine ilikuwa imevishwa. Mama alikuwa ameifumia kitambaa chake peke yake, kikubwa, cha maua ya zambarau, kilichofunika skrini na sanduku na kushuka hadi chini ya meza. Na kwa sababu alijua vumbi ndilo adui mkubwa wa mwanawe, alikuwa ameshona nailoni nzito kwa ndani, kila upande, lisipenye hata punje. Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa siri kwa wiki kadhaa. Baadaye tuliambiwa aliivisha asubuhi, mara tu tulipotoka.

Nilipoingia niliona kuna kitu kimepungua, na ilinichukua muda kujua ni sauti ya feni. Kulikuwa na harufu kidogo, ya plastiki iliyowekwa karibu na jiko. Madam alisimama mlangoni na gunia lenye maji likimgusa bega. Kisha akaweka madaftari chini, akapita akimsalimu kila mama kwa mkono, mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akapokea kikombe, akanywa. Nilikuwa nikimtazama uso. Haukuwa na kitu.

"Imependeza?" mama yake alimwuliza mbele ya wageni.

"Imependeza sana, Mwaitu."

"Na imenyamaza tangu saa za chakula. Ilikuwa inalia, ikanyamaza yenyewe. Imemaliza kazi?"

Wanawake wote walimgeukia. Madam alishusha kikombe.

"Imemaliza, Mwaitu."

Wakapiga vigelegele. Mmoja akaanzisha wimbo. Mama alilia, akajifuta kwa pindo la leso, na mimi nikakaa pale na chai yangu nikijua ninachojua. Ningependa kuandika kwamba moyo uliniuma. Sikusikia chochote, au nilisikia kama mtu anayesikia sindano ya daktari wa meno baada ya ganzi, kwamba kuna jambo linafanyika hapo na ni langu.

Wageni walipoondoka alikiondoa kitambaa taratibu, akakikunja, nailoni ikiwa ndani. Sanduku lilikuwa la moto hata kesho yake asubuhi, au ndivyo nilivyodhani nilipoligusa. Nailoni ilikuwa imeifungia hewa, na diski ya ndani ilikuwa imekufa. Programu alikuwa na nakala zake, lakini ile hali ya miezi yote, kila uzi ulikuwa wapi na umeshika upi, ilikuwa kubwa mno kutoshea kwenye disketi, na haikuwa mahali pengine popote. Alinieleza hayo kwenye kamba ya nguo, kwa sauti aliyotumia kueleza ratiba ya mtihani. Niliuliza kama anaweza kuanza upya. Alisema anaweza, na kwamba mwaka utakwisha kabla haijafika nusu. Niliuliza kama atamwambia mama.

"Nimwambie nini? Kwamba alishona vizuri?"

Akaendelea kuanika.

Yaliyofuata ndiyo ninayoona yalimchosha kuliko mashine. Mama alitangaza. Jumapili hiyo kanisani waliitwa mbele, mama na binti, na mchungaji akatoa shukrani kwa ajili ya dada yetu aliyemaliza udaktari. Madam alisimama pale mikono ikiwa imening'inia, ile mikono mirefu, na watu wakapanga foleni kumpongeza. Fundi wa viatu sokoni akaanza kumwita Daktari. Mwenye ploti akaanza kumwita Daktari. Mama mmoja alimletea mtoto mwenye kikohozi. Yeye aliitikia kila mara, mwanamke aliyewapa wasichana sifuri kwa kuandika jibu sahihi wasiloliona. Shuleni, ambako isipokuwa mimi hakuna aliyejua, alirudi kuwa Madam. Kikombe kilitoweka juu ya kabati. Naibu wa mwalimu mkuu alikitafuta kwa macho kwa siku kadhaa, ukucha wake ukiwa hauna kazi.

Hakulia, hakulalamika, hakukosa kipindi. Alikuwa amekufa ganzi, na kwa sababu alikuwa mtu wa maneno machache tangu mwanzo, wengi hawakuona tofauti. Mimi niliona moja tu. Kwenye maabara, wasichana walipoandika jibu la kitabuni, aliwapa alama zao na kupita. Ile kauli yake sikuisikia tena mdomoni mwake, ingawa ilibaki kwenye milango ya vyoo. Mwisho wa mwaka ulipita. Muhula uliofuata aliomba uhamisho, akapewa shule Kajiado, na pikapu ikaja kuchukua kitanda, meza, mtungi wenye sketi, na ile mashine iliyokufa, ikiwa imefunikwa kitambaa chake. Mama aliketi mbele na dereva, akanipungia sindano.

Kuna mambo ya kuchekesha niliyoyaruka, na sitaki aonekane kama mtu wa huzuni tupu. Alikuwa bingwa wa kuiga sauti ya mwalimu mkuu. Aliogopa bata, kwa sababu ambayo hakuwahi kuieleza, na mwenye ploti alifuga wanne. Aliwahi kuniambia kwamba mashairi yangu yana vina vizuri na hayana jambo, na nilipomnunia siku tatu aliniletea ndizi. Ugali wake ulikuwa mbaya ajabu kwa mtu aliyejua yote yale kuhusu kukoroga. Mama yake alikuwa akimpokonya mwiko na kumsukuma pembeni kwa nyonga. "Upande mmoja," alimwambia. "Unageuza-geuza kwa nini? Inachanganyikiwa." Madam aliangalia mwiko unavyozunguka, kwa makini kabisa, na kesho yake akaharibu tena.

Tulionana tena miaka mingi baadaye, nilipokwenda Kajiado kwenye ofisi za elimu kwa shughuli zangu za kustaafu. Karani aliniambia mkubwa wake amekwenda chakula cha mchana, na mtu yeyote aliyewahi kungoja mkubwa arudi kutoka chakula cha mchana anajua una muda wa kutembelea ukoo mzima. Nikauliza nyumba ya Madam wa Fizikia. Hata huko hawakunipa jina. Walinionyesha kwa kidole upande wa reli.

Ilikuwa nyumba ya mabati yenye ua wa miti ya miiba, upepo ukiipiga. Nywele zake zilikuwa nyeupe mbele. Alinipokea akiwa na mwiko mkononi, akasema, "Mwalimu. Umenona," akanipa kiti chenye kitambaa. Mama alikuwa pembeni ya dirisha, amekuwa mdogo zaidi, na sindano yake ikienda. Nilimsalimu, akaniitikia kwa furaha nyingi, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia mimi ni yule jirani wa Noonkopir. Akafurahi upya. Kisha akamgeukia binti yake.

"Ile mashine yako ilimaliza?"

"Ilimaliza, Mwaitu."

"Asante Yesu." Akarudi kwenye uzi wake. Tulikuwa hatujamaliza kikombe cha kwanza cha uji, uji mzuri kwa kweli, alipouliza tena, kwa maneno yaleyale na shukrani ileile. Madam alijibu vilevile, bila kuchoka na bila kuniangalia.

Mama aliposinzia, Madam aliniita chumba cha ndani. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta, mpya kuliko ile, ndogo, ikilia. Vidoti vilikuwa vya rangi sasa, bluu na nyekundu. Nilivitambua kama unavyotambua watoto wa mtu unayemjua.

"Chuo walikurudisha?" niliuliza.

"Waliniondoa zamani. Hiyo iliisha."

"Sasa hii ni ya nani?"

Alivuta mlango kidogo. "Mwalimu, mimi nilimdanganya mara moja. Wewe ulikuwepo. Nilifikiri hiyo moja nitaibeba. Sasa anasahau, ananiuliza upya kila siku, na kila siku namdanganya upya. Nikaona afadhali niifanye iwe kweli." Akatazama vidoti. "Ni ile ya polepole. Iko mbali bado. Sijui kama yeye atangoja."

"Si umwambie tu ilivyokuwa?"

"Ataniuliza ilizimwa na nani."

Safari hii moyo uliniuma, na nilishangaa kwamba bado unaweza.

Mlango ukasukumwa. Mama alikuwa ameamka na kukumbuka kwamba kuna mgeni. Alikuwa amebeba kitambaa mikononi kama mtu anayebeba mtoto kwenda kubatizwa. Alinyanyua uso kwangu kwa aibu ya mwenye nyumba aliyekutwa hajajiandaa. "Mgeni amekuta hii kitu iko uchi," alisema. Nilimtazama Madam. Hakusogea kumzuia. Mama akakitandaza juu ya mashine, akakivuta pembe zote zilingane, na hapo nikaona kwamba hakikuwa na nailoni, na kwamba kilikuwa na matundu mapana ya kupita vidole vitatu.

"Huyu ndiye alitaka hivi," mama alinishtakia. "Nilimwambia huu ni wavu wa samaki, na Kajiado hakuna samaki."

"Ndiyo ya kisasa, Mwaitu."

Mama alikipapasa kitambaa. Halafu akainama, akatega sikio karibu na maua. Upepo ulikuwa umetulia kidogo nje. Feni ililia chini ya uzi, wazi kabisa, na vidoti vilionekana kwenye matundu vikijisogeza na kusimama.

"Hii inalia," alisema. "Nasikia inalia. Imemaliza?"

Madam alikuwa ameshafungua mdomo kwa jibu lake la kila siku. Aliufunga. Nilimwona akimtazama mama yake aliyeinama pale na sikio lake kwenye mashine, na mikono yake mirefu ikatafuta mahali pa kushika, ikashika mgongo wa kiti.

"Bado, Mwaitu," alisema. "Haijamaliza."

"Aa." Mama alinyooka, akafikiria neno hilo. Hakuonekana kusikitika. "Basi tungoje."

Akavuta kigoda, akaketi mbele ya mashine, akatoa sindano yake. Madam alibaki amesimama kwa muda. Kisha naye akaketi, sakafuni, karibu na miguu ya mama, akanyoosha mikono yote miwili ili amshikie uzi.